Aliyerudi Bila Kiu

Cha kwanza kilichokwenda kombo ni kwamba mdogo wake hakuomba maji.

Dereva aliliona hilo, akalipuuza. Alikuwa na siku nne usukanini, macho yamejaa mchanga, kiuno kinamuuma mpaka kwenye magoti, na mtu wa namna hiyo akiona jambo halieleweki huliweka kiporo hadi atakapolala. Wapo watakaosema alipaswa kushtuka palepale. Hao hawajavuka jangwa na lori kuukuu lenye abiria kumi na wanane juu, kila mmoja na malalamiko yake.

Asubuhi hiyo, saa moja, lori lilikuwa limezama mchangani hadi kwenye ekseli. Kazi yake inajulikana. Abiria wote wanashuka, wanachimba, wanalaza vyuma viwili virefu mbele ya magurudumu, halafu wanasukuma. Lori likishakwamuka halisimami, maana likisimama tu limezama tena. Dereva analikimbiza mpaka apate ardhi ngumu, hata kama ni mwendo wa nusu saa, na waliosukuma wanamfuata kwa miguu huku wakimtukania ukoo. Wa mwisho kufika siku zote ni fundi, kwa sababu ndiye anayebaki nyuma kukusanya vyuma na koleo.

Fundi wa lori hilo alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, kijana wa miaka ishirini na miwili, hodari wa injini na hodari zaidi wa kunung'unika. Hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza ya jangwani. Mama yao hakutaka aende. Alizaa wawili tu, na mmoja tayari alishachukuliwa na barabara. Dereva ndiye aliyembembeleza siku tatu mfululizo. "Nitamrudisha mzima, mama," alimwambia. "Nisipomrudisha, nami usinihesabu."

Basi akasimama kwenye ardhi ngumu, akaegemea mlango, akawatazama abiria wakitoka mmoja mmoja kwenye mazigazi. Alitangulia Mama Vitambaa, mfanyabiashara wa nguo mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Akafuata mzee aliyeitwa Daktari wa Tumbo, muuza mizizi na magome ya miti. Wakafuata wengine. Mwisho akatokea Fundi, vyuma vyote viwili kwapani kama mikeka, koleo begani. Kila chuma ni mzigo wa watu wawili; siku zote fundi huviburuta kimoja kimoja. Fundi hakuwa na tone la jasho.

"Panda, twende," Dereva alisema, akimnyooshea dumu. "Kunywa kwanza."

"Sina kiu, kaka."

Siku nyingine angekunywa nusu ya dumu, kisha alalamikie hiyo nusu iliyobaki kuwa ya moto. Leo alining'iniza vyuma mahali pake ubavuni mwa lori, akaingia mbele, akafunga mlango taratibu. Dereva alishukuru moyoni. Leo nimepata msaidizi, alijisemea.

Walikwenda saa moja, wakaenda ya pili. Mle ndani mkaanza kunukia mvua, ile harufu ya udongo mkavu ukipata matone ya kwanza, na Dereva akaivuta kwa raha bila kujiuliza mvua inatoka wapi mahali ambapo hata wingu halijui njia. Fundi alizungumza naye. Hakuwahi kuzungumza vizuri namna ile. Alimuuliza mgongo unaendeleaje, akamwambia apunguze gia kabla ya kilima ambacho bado hakijaonekana, akamsifu kwa alivyowatunza tangu baba alipofariki. Ilimchukua Dereva muda kutambua kinachomsumbua. Injini ya lori lile ilinguruma kiasi kwamba watu wawili waliokaa mbele walilazimika kupigiana kelele kama wagomvi. Fundi alikuwa akinong'ona, naye alikuwa akisikia kila neno.

"Tusisimame, kaka," ilisema sauti ile ya chini. "Twende moja kwa moja mpaka nyumbani kwa mama. Ananisubiri."

"Tutafika. Siku tano."

"Unakumbuka baba alivyokubeba kwenda hospitali? Ulikuwa na miaka sita. Ulivaa kaptura ya kijani, ukamtapikia begani, naye akasema si neno, shati litafuliwa."

Dereva alitabasamu. Aliikumbuka kaptura. Alilikumbuka hata shati. Lori lilipita bonde moja, likapita la pili, tabasamu bado liko mdomoni, ndipo hesabu ikamjia taratibu kama inavyomjia mtu aliyechoka: yeye alikuwa na miaka sita, mdogo wake alizaliwa miaka kumi baadaye, baba hakuwa mtu wa kusimulia, na siku ile njiani walikuwa wawili tu, baba na yeye.

Hakugeuza shingo. Aliangalia mbele, akaona kwa pembeni ya jicho mikono ya aliyeketi kando yake ikiwa imetulia juu ya mapaja, misafi, haina grisi hata kwenye kucha, na tangu azaliwe hajapata kumwona fundi mwenye kucha safi, na vumbi lililokuwa likiingia kwa dirisha na kumjaa yeye puani na masikioni lilikuwa likipita pale kwenye kiti cha pili kana kwamba halikukuta mtu wa kutua juu yake.

Saa saba alisimamisha lori kwenye uwanda wa mawe. Jua lilikuwa utosini.

"Kwa nini umesimama?" sauti iliuliza.

"Abiria wajinyooshe. Kuna wazee."

Alishuka, akazunguka hadi gurudumu la nyuma alipokuwa amejikunyata Daktari wa Tumbo kwenye kivuli chembamba. Alimweleza kwa kunong'ona, maneno yakigongana. Mzee alisikiliza, akaguna kidogo.

"Dereva, mwanangu, mimi nauza dawa ya minyoo. Mambo haya alikuwa akiyaweza babu yangu, nami nilimkimbia nikiwa mdogo kwa sababu yalinitisha."

"Nisaidie hivyo hivyo. Ndugu yangu yuko wapi?"

"Yuko ulikomwacha. Hebu niambie, huyu alipofika ulimwambiaje?"

"Nilimwambia panda, twende."

Mzee alifumba macho. "Basi ndiyo hiyo. Hawa hawapandi chombo cha mtu bila kauli ya mwenyewe. Amepanda kwa kauli yako, atashuka kwa kauli yako. Usimtukane, usimguse. Mwambie ukweli tu, tena machoni. Na ujue atakulilia."

"Nisipoweza?"

"Utampeleka kwa mama yako."

Dereva alirudi mbele, akapiga moyo konde, akafungua mlango wa upande wa pili. Sura ilimgeukia. Ilikuwa sura ya mdogo wake kabisa, hata kovu la nyusi alilolipata alipoanguka kwenye ngazi. Harufu ya mvua ilimpiga usoni.

"Wewe si ndugu yangu," alisema. Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Kaka, unasema nini?" Macho yalilengwa na machozi. "Jua limekupiga. Panda, mimi nitaendesha, wewe ulale. Ulale mpaka tufike. Mimi sichoki, sili, sinung'uniki. Yule alikuwa anakuchosha. Wewe mwenyewe ulisema jana, laiti ningekuja na mtu mwingine. Nilikusikia. Sasa nimekuja. Mama hataona tofauti."

Na tuseme kweli, kwa sababu mwenyewe baadaye hakuificha: alisita. Aliambiwa kulala, na mwili wake wote ukaitikia. Kwa muda wa pumzi mbili au tatu alimtazama huyo ndugu asiyechoka, akaona jinsi safari zote zilizobaki maishani zingekuwa nyepesi. Aibu ya pumzi hizo ilimkaa kifuani kuliko hofu yenyewe.

"Nilikukaribisha kwa kutojua," alisema, machozi yakimchuruzika na kukauka kabla hayajafika kidevuni. "Sasa najua. Sikukukaribisha wewe. Shuka."

Ile sura iliacha kulia palepale, kama taa inavyozimwa. Haikukasirika. Ilimtazama tu, muda mrefu, kwa namna ya mtu anayesoma kibao cha njia ili asipotee siku ya pili. Kisha kiti kikawa kitupu, na hakuna aliyeona mlango mwingine ukifunguka.

"Dereva!" Mama Vitambaa alipiga kelele kutoka juu. "Vyuma vyako vya ubavuni viko wapi? Sasa hivi nilikuwa nimevikanyaga!"

Havikuwapo. Wala koleo.

Aliwaambia wanarudi: Fundi ameachwa nyuma, aliyepanda mbele hakuwa yeye. Ikazuka kelele ya mafuta, ya maji, ya watu wanaosubiriwa na wengine huko mbele. Mmoja alisema mtu akishaachwa mchangani tangu asubuhi si mtu tena, ni maiti. Mama Vitambaa alimgeukia.

"Wewe ungekuwa umeachwa, ungetaka tupige kura? Funga mdomo, unapoteza mate. Dereva, washa gari."

Walirudi kwa kufuata nyayo za magurudumu yao wenyewe. Upepo ulikuwa umeanza kuzifuta, mahali pengine zikabaki kama mstari wa penseli uliofutwa vibaya, na Dereva akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, midomo imepasuka, akihesabu saa ambazo binadamu anaweza kukaa bila maji kwenye jua lile na kila akifika kwenye jibu anaanza tena ili apate jibu jingine, na mara mbili aliona mtu akipunga mkono pembeni, upande wa kushoto ambako hawakupita, akiwa amesimama vizuri, wima, bila kuyumba, na mara zote mbili Daktari wa Tumbo, aliyekuwa amehamia kiti cha mbele, alisema polepole, "Amesimama vizuri mno. Twende," nao wakaenda.

Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa limelegea, waliona vyuma viwili vimeegemezana mchangani kama kibanda cha kuku, shati limetandikwa juu yake. Dereva alisimamisha lori mbali, kwenye ardhi ngumu, akakimbia kwa miguu na chupa ya maji mkononi.

Fundi alijikokota kutoka chini ya vyuma. Midomo ilikuwa imevimba, ulimi haumtoshi mdomoni, grisi imemkaukia mikononi. Aliinua koleo kwa mikono miwili.

"Usinikaribie."

"Ni mimi. Kunywa."

"Wewe ni wa ngapi?" Fundi aliuliza. Sauti ilikuwa kama ya mtu anayeongea na unga mdomoni. "Umeshakuja mara tatu. Mara ya kwanza ulinipa maji nikanywa. Nikatema mchanga mpaka nikatema damu. Ondoka."

Dereva alisogea hatua moja. Koleo likapaa. Aliona kwamba kijana atampiga nalo kweli, kisha ataanguka, na akianguka hatainuka. Chupa ilikuwa imejaa na kifuniko kiko wazi, na mtu anakufa kwa kiu hatua tatu kutoka hapo.

"Niulize chochote," alisema. "Jambo tunalolijua sisi wawili."

Fundi alifikiri. Hata kufikiri kulimuuma. "Siku tunaondoka," alisema, "mama alitufuata mpaka kwenye geti. Alisema nini?"

Dereva alifungua mdomo. Alimwona mama, aliliona geti, aliona kanga yake ikipepea. Aliona kamba za mizigo alizokuwa akikaza. Mdomo wa mama ulikuwa unacheza na hapakuwa na sauti, kwa sababu siku ile hakusikiliza, alikuwa akiwaza matairi. Alitafuta neno, lolote, hata la kubahatisha: nendeni salama, mrudi mapema. Halafu akaishiwa nguvu hata ya kubahatisha. Alipiga magoti mchangani.

"Sikumbuki," alisema. "Sikumsikiliza, mdogo wangu. Nilikuwa nafunga mizigo. Nimechoka. Nimechoka mpaka sikumbuki mambo ya mama, na asubuhi nimempakia mtu mwingine mahali pako kwa sababu hakunisumbua. Nisamehe. Ukinipiga nipige, lakini kunywa kwanza."

Koleo lilishuka kidogo, likashuka tena, likaanguka. Fundi alikuwa analia bila machozi, maana hayakuwamo.

"Wale watatu walikumbuka," alisema. "Wote. Neno kwa neno."

Akaja kwa magoti, akaiweka midomo yake kwenye chupa. Dereva alimshika kisogo akamnywesha funda kwa funda, kama anavyonyweshwa mtoto mchanga, na kila funda alisubiri kwa hofu kuona kama atatema. Hakutema. Kule kwenye lori Mama Vitambaa alikuwa ameanza kuwapigia watu kelele waandae mahali pa kumlaza.

"Alisema nini?" Dereva aliuliza hatimaye. "Mama."

Fundi aliegemeza kichwa begani kwake. Alinuka jasho, mafuta ya gari na mkojo, na Dereva aliivuta harufu hiyo yote.

"Alisema, 'Mwangalie kaka yako. Amechoka, na hana wa kumwambia.'"