Kogo Aione Harusi Papo Hapo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuchuma chai, Tecla humpigia simu mama mkwe wake. Jina lake ni Chepkurui, lakini familia yote humwita Kogo, yaani nyanya. Kogo anaishi Roret. Tecla, mumewe Kiptum na watoto wao wanaishi karibu na soko la Merigi.

Mwaka huu Kogo alianguka na kuvunjika nyonga. Daktari alimkataza kusafiri. Habari hiyo ilimuumiza zaidi kuliko nyonga yenyewe, kwa sababu mjukuu wake Chelangat alikuwa anaolewa. Chelangat ni binti wa Tecla. Kogo ndiye aliyemlea alipokuwa mdogo, wakati Tecla alipokuwa akifanya kazi katika mashamba makubwa ya chai kule Kericho.

"Watakurekodia, Mama," Tecla alimwambia. "Utaona kila kitu baadaye."

"Sitaki kuletewa mambo ya jana," Kogo alijibu. "Nataka kumbariki akiwa bado amesimama pale. Baraka haipelekwi kwa mtu ambaye amekwisha kuondoka."

Mathew, kaka yake Chelangat, hupiga picha za video katika sherehe. Alikuwa na kamera tatu. Kila kamera ilikuwa na kifaa kidogo cha kurusha picha bila waya. Picha hizo hupokewa na kisanduku kimoja. Kisha huchaguliwa kwenye mashine, na ile iliyochaguliwa hutumwa kwenye mtandao.

"Kogo ataona papo hapo," Mathew aliahidi. "Tutajaribu siku ya koito."

Koito ni siku ambayo familia mbili hukaa pamoja na kukubaliana kuhusu mahari. Siku hiyo Mathew aliweka kisanduku chake sebuleni ili kisinyeshewe. Tecla alikitazama. Aliona kimekaa wazi kama mgeni asiyekaribishwa. Redio ya nyumba hiyo ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa. Hata viti vina vitambaa. Basi akachukua kitambaa cheupe ambacho Kogo alikifuma kwa mkono wake, akakifunika kisanduku vizuri.

Wageni walifika langoni wakiimba. Picha zikaganda. Zikarudi kidogo, zikaganda tena. Mursik, yaani maziwa ya mgando ya sherehe, ilipoanza kunywewa, kisanduku kilizimika kabisa.

Jioni Kogo alipiga simu.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi," alisema. "Nimeona duara likizunguka. Huyo ndiye bwana harusi?"

Nelvine, mjukuu anayemtunza Kogo kule Roret, alisikika akicheka. Kogo hakucheka.

"Harusi ikiwa hivi," alisema, "mtakuwa mmemwoza mtoto wangu bila mimi."

Maneno hayo yalimchoma Tecla. Kesho yake alikwenda kwa jirani yake Phelis, ambaye majirani humwita Mama Nyamusi. Phelis alihamia Merigi kutoka Kisii. Ni fundi wa mitambo ya matangazo. Alirusha mikutano ya kanisa kule Kipkelion kwa miaka mingi.

"Leo umekumbuka jirani?" Phelis alimtania. "Umesikia harufu ya ndizi zangu?"

"Ndizi ni baadaye, Mama Nyamusi. Nisaidie kwanza."

Phelis alipoingia sebuleni, aliona kisanduku bado kimefunikwa. Aliangua kicheko.

"Nani amemvalisha huyu sweta?"

"Ni mimi," Tecla alijibu. "Nilikiheshimu."

"Ulimheshimu kama mgeni. Huyu si mgeni, ni mfanyakazi. Anapofanya kazi hutoa joto, kwa hiyo anahitaji hewa. Joto likimzidi, hujizima ili asiungue."

Mathew aliinamisha kichwa. "Lakini picha ziliganda hata kabla hakijazimika. Na nilinunua mtandao wa kutosha."

"Wa kampuni ngapi?"

"Moja."

"Na wageni walikuwa na simu?"

"Wote. Wengi wao walikuwa wakituma video."

"Basi wote mlitumia mnara mmoja wa simu," Phelis alisema. "Ni kama wachumaji wote kufika kwenye mizani moja kwa wakati mmoja. Chai ipo, lakini foleni haisogei. Tumia laini za kampuni mbili, na kifaa cha kuziunganisha. Moja ikilemewa, nyingine itabeba. Tena pima kasi ya kutuma, kisha utume picha inayohitaji nusu tu ya kasi hiyo. Nusu nyingine iwe akiba."

"Na kisanduku?"

"Kitoke ndani. Picha za kamera husafiri hewani. Mabati huzizuia. Miti yenye majani huzidhoofisha. Hata umati wa watu huzidhoofisha. Kisanduku kikae mahali pa juu, kitazamane na kamera bila kizuizi."

Siku ya harusi, bibi harusi angetembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi kanisani, akipita katikati ya chai, akisindikizwa na akina mama. Mahali pa juu palikuwa wapi?

Kiptum alikuwa akinywa chai yake pembeni. Aliweka kikombe chini.

"Kituo cha kununulia chai," alisema. "Nikisubiri kupimiwa pale, naona lango letu, naona njia, naona kanisa. Asubuhi hakuna upimaji. Nitaomba ruhusa kwa kamati."

"Baba Mathew, ulikuwa umejificha wapi?" Phelis alifurahi. "Tumepata mahali pa meza yetu ya mitambo!"

Kisha Phelis alieleza jambo moja zaidi. Picha za mtandao huchelewa njiani, wakati mwingine hata nusu dakika. Kwa hiyo Kogo angezungumza kwa simu ya kawaida iliyounganishwa na spika. Nelvine angezima sauti ya video huko Roret, ili sauti isijirudie.

Siku moja kabla ya harusi waliitembea njia yote. Mathew alibeba kamera. Phelis na Tecla walitazama skrini kituoni. Mathew alipoteremka kwenye kijito, karibu na kanisa, picha ilipotea.

"Mathew!" Tecla aliita kwa simu. "Umetuacha!"

"Ni vizuri atuache leo," Phelis alisema. "Kesho akikaribia hapo, nitaonyesha kamera ya kanisani. Na kila kamera irekodi kwenye kadi yake. Chochote kikikatika, kumbukumbu itabaki."

Asubuhi ya harusi mawingu yalikuwa mazito. Mwavuli mkubwa ulisimamishwa juu ya meza ya kituoni, na pande zote ziliachwa wazi ili hewa ipite. Betri zilikuwa zimejaa. Tecla alikitandika kitambaa cha Kogo mezani. Kisanduku kikakaa juu ya kitambaa.

"Hapo sawa," Phelis alisema.

Nyimbo zilianza langoni. Phelis alionyesha kamera ya lango, kisha ile ya Mathew iliyotembea mbele ya bibi harusi. Watu walipoongezeka, taa ya laini moja iligeuka nyekundu. Laini ya pili ilibeba. Picha haikuganda.

Msafara ulisimama kituoni. Phelis alimpigia Kogo. Watu wakanyamaza.

Kisha spika ikakohoa.

"Chelangat!"

"Naam, Kogo!"

"Shela yako imenaswa na mti wa chai. Nyuma yako. Usivute, itachanika."

Watu wote waligeuka. Kweli, shela ilikuwa imenaswa. Bwana harusi, aliyekuwa akimsubiri hapo kituoni, aliinama akainasua. Vigelegele vilipanda mlima mzima.

"Anaona!" Kiptum alipaza sauti. "Mama anaona!"

"Mimi naona vizuri," Kogo alisema. "Na wewe Kiptum, tai yako imekaa upande."

Kicheko kilipotulia, sauti ya Kogo ilibadilika. "Chelangat, nilikubeba mgongoni. Leo nakuachilia kwa mikono miwili. Nyumba yako iwe na maziwa. Mlango wako usifungwe kwa mgeni. Nendeni, mimi niko pamoja nanyi."

"Iwe hivyo!" umati ulijibu.

Chelangat alifuta machozi, akainua mkono kuelekea kamera. Msafara ukateremka kijitoni, na Phelis akaonyesha kanisa. Kule Roret hakuna aliyejua kwamba picha ya kamera ya Mathew ilikuwa imepotea.

Siku hizi familia nyingi humwita Mathew na Phelis. Kabla ya kukubali kazi, Mathew husema, "Kwanza tuitembee njia." Tecla huenda nao na kusimamia meza. Anajua kila taa na maana yake.

Kogo naye anafuma tena, akiwa kitandani. Juzi alituma kitambaa kipana, cheupe, chenye maua pembeni. Nelvine aliandika ujumbe wake kama alivyoambiwa: "Hiki ni cha meza ya kazi. Tecla, kitandike chini ya kisanduku, si juu yake."