Feni za Dirishani

Pikipiki ya Saroléa ilinguruma kwenye barabara ya Kasenga, vumbi jekundu likimjaa Anaclet kooni.

Lori la Chevrolet lilikuwa mbele.

Amri ilikuja kwa simu asubuhi: "Upepo unatoka Kasenga." Maana yake, wafanyamagendo wanaingiza feni bandia za Volmar. Wakamate.

Volmar iliuza feni, pasi na mafriji dunia nzima. Katika mji wa Élisabethville, mwaka ule wa 1954, feni zake zilikuwa zinaua watu. Régine, dada yake Anaclet, alisuuza glasi kwenye baa yake ya Kamalondo, akaigusa feni kwa mkono wenye maji. Umeme ulimkamata palepale. Anaclet alikuwa jasusi wa Volmar, lakini safari hii hakuwa akifukuza mkate wa kampuni. Alimtaka aliyemuua dada yake.

Aliongeza moto, akalipita lori, akaziba njia.

Bastola ya Browning aliyopewa na kampuni mkononi. Silaha ambayo Mwafrika hakuruhusiwa hata kuiota.

"Shuka. Fungua."

Dereva, Floribert, alishuka mikono juu. "Iko samaki tu, chef. Inatoka Pweto."

Anaclet alichana gunia. Samaki wakavu. Akachana la pili. Samaki.

"Unatafuta nini, chef?"

"Feni bandia za Volmar."

Floribert alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Bandia? Ile yenye iliua muke ya yaya yangu, kaka yangu mukubwa, ilitoka ku magasin, ku duka ya Volmar yenyewe. Pa guichet."

"Guichet?"

"Shiye beusi tunapitaka wapi? Bazungu mulango, shiye dirisha. Njo feni za dirisha zinaua."

Anaclet aliteremsha bastola. Régine naye alinunua dirishani. Wote waliokufa walinunua dirishani! Kila siku aliliona dirisha lile, mpaka likaacha kuonekana. Mazoea yana taabu.

Kesho yake alinunua feni moja pale dirishani. Ya pili alimtuma Désiré, mpishi wa Mzungu mmoja, aliyekwenda na karatasi ya Madame, mke wa Mzungu huyo, akahudumiwa mlangoni kwa adabu zote.

Akazifungua kwa bisibisi.

Ya mlangoni: waya umevikwa mpira mnene. Ya dirishani: waya umevikwa karatasi, karatasi imechanika, waya unagusa chuma.

Muhuri wa kiwanda ulikuwa mmoja.

Eti magendo. Magendo yalikuwa yamekaa ofisini, yamevaa tai.

Siku iliyofuata, saa nane mchana, wakati watoto wa Wazungu bado wamelala sieste, usingizi wa mchana, alimpigia simu mkurugenzi wa Volmar nyumbani kwake.

"Lambrecht," mkurugenzi aliitika.

"Upepo hautoki Kasenga, Monsieur. Unatoka dirishani kwako."

"Anaclet, wewe una akili. Kampuni kubwa ina hatari zake. Shaba imepanda bei. Wajerumani wanauza rahisi. Lazima tupunguze gharama mahali."

"Mkapunguza kwa Régine."

"Nasikitika. Lakini tukisema ni bandia, jina letu linabaki safi. Nawe hutasahauliwa."

Anaclet alimchukia mtu yule, na alijichukia kwa miaka aliyomtumikia.

"Jana wakati wa sieste niliingia depo," alisema taratibu. "Nikachanganya maboksi ya mlangoni na ya dirishani."

"Umefanya nini?"

"Leo asubuhi mtumishi wako alichukua feni mpya. Ya chumba cha Mademoiselle, binti yako."

Simu iligonga meza. Anaclet alisikia kiti kikianguka, na baba akiita jina la mwanawe.

Kabla ya jua kuzama malori yote ya Volmar yalikuwa barabarani, mitaa ya Wazungu kwanza, kisha ya Waafrika, Kamalondo na Katuba. Hakuna aliyejua tena feni ipi ni ipi, kwa hiyo zilikusanywa zote. Régine alipokufa hawakutuma hata baiskeli.

Désiré alimkuta Anaclet kwenye kona akivuta sigara, macho mekundu.

"Yaya, banasema ulichanganya maboksi, bya kweli?"

"Mutoto wa bantu angekufa. Sikugusa ata boksi moja."

Alivuka barabara hadi magasin ya Volmar. Karani alichungulia dirishani. Anaclet akaweka Browning kwenye kizingiti.

"Mpe Monsieur Lambrecht. Ningempelekea mwenyewe, lakini mlangoni siruhusiwi."

Akapiga teke Saroléa, akaenda kumwambia mama yake ni nani aliyemuua Régine.