Futi Isiyo na Sentimita Kumi

Kila siku akitoka shule, Sentimita alikuwa na kazi tatu: kumvua mdogo wake viatu, kuokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama, na kuchungulia dirishani. Jina la Sentimita alipewa na wateja wa mama yake, kwa sababu alikuwa msichana mfupi kuliko wote darasani na alipenda kupima kila kitu. Ile kazi ya tatu hakutumwa na mtu.

"Umemwona mtu yeyote njiani?" mama aliuliza, mguu ukikanyaga cherehani. Hakusema mtu gani. Hapakuwa na haja.

"Sijamwona mtu, mama."

Alikuwa amemwona. Baba yake wa kambo alikuwa ameegemea nguzo ya umeme mbele ya kibanda cha kinyozi, anatafuna karanga taratibu kama mtu asiye na haraka na dunia. Macho yao yalipokutana, aliweka kidole mdomoni. Hiyo ilikuwa siku ya tano kumwona pale.

Miezi miwili iliyopita mtu huyo alimvunja mama mkono. Hakimu akatoa amri ya ulinzi: asimkaribie mama wala watoto wake kwa mita mia moja. Karatasi yenye muhuri iliwekwa kwenye kopo la vifungo. Jioni ile ile Sentimita alichukua futi kamba kuukuu ya mama, inayoishia sentimita mia na hamsini, akapima kuanzia mlangoni. Aliinama na kuinuka mara sitini na saba, mpaka kiuno kikagoma. Mita mia zilipoisha, akachora mstari kwa chaki ya kushonea, na kila ulipofutika aliuchora upya.

Nguzo ilikuwa hatua moja tu nje ya mstari. Hatua moja!

"Hajavuka," Sentimita alijiambia. "Hajavunja amri. Nikisema, mama ataacha tena kulala, na bure."

Siku ya sita, mdogo wake, ambaye wote walimwita Kifungo, alikuwa akicheza nje. Sentimita akachungulia. Mtu wa nguzo hakuwa na karanga leo. Alikuwa na mpira mpya.

"Kifungo! Njoo uone baba alichokuletea!"

Kifungo akatoka mbio. Akaukanyaga mstari wa chaki kama vile haupo, na mkono mkubwa ukamdaka kifundo cha mkono. Sentimita akakimbilia mlangoni. Mtu yule akaanza kumvuta mtoto kuelekea kona, huku akitabasamu.

"Mamaaa! Yupo! Amemshika Kifungo!"

Mama alitoka na kitambaa cha mteja shingoni. Kinyozi akatoka na mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja tu. "Mwachie mtoto!" wakapiga kelele. Yule mtu akamwachia Kifungo, akatimua mbio, mpira ukabaki unadunda peke yake.

Mama alipiga simu kituo cha polisi. Kabla jua halijazama yule mtu alikuwa amekamatwa, na askari wa kike akaja kuandika maelezo.

"Mama, nilikudanganya," Sentimita alisema huku akilia. "Nilimwona siku zote. Lakini alikuwa nje ya mita mia, nilipima!"

"Ulipima na nini?"

Sentimita akaonyesha ile futi. Mama akashika kichwa.

"Jamani, mwanangu! Hii niliikata na mkasi mwaka juzi, haina sentimita kumi za mwanzo. Tazama, inaanzia kumi!"

Sentimita akapiga hesabu kimoyomoyo. Sitini na saba mara kumi. Karibu mita saba! Siku zote zile mtu yule alikuwa amesimama ndani ya eneo alilokatazwa.

"Sikiliza, binti yangu," askari alisema, akiifungua ile karatasi mama aliyoitoa kwenye kopo la vifungo. "Hata ungekuwa na futi nzima, soma hapa: asiwavizie, asiwafuate, asiwaite, asitume salamu. Sasa, kumpima ni kazi yetu sisi. Yako wewe ni moja tu, kusema ulichokiona, siku ile ile, hata kama unaogopa. Karatasi hii haina macho. Ukinyamaza, inakaa tu na vifungo."

"Na mimi nakosa usingizi zaidi nikifichwa jambo," mama akaongeza, akimvuta kifuani. "Usinilinde kwa uongo, mwanangu. Niambie, tuogope pamoja."

Kesho yake, baada ya shule, cherehani ilikuwa ikilia kama kawaida.

"Umemwona mtu yeyote njiani?"

Sentimita akafikiri vizuri.

"Nimemwona mmoja, mama. Yule mteja wa kinyozi. Upande mmoja bado una nywele."

Mguu wa mama ukasimama. Kisha akacheka, kwa mara ya kwanza tangu mkono uvunjike, mpaka pini zikaanguka.