Majina Ndani ya Kiungo

Fundi magitaa wa mtaa ule aliitwa Baba Pacha, kwa ajili ya binti zake wawili wa miaka sita. Ufundi alijifunza mwenyewe, kwa kuharibu na kurudia, na hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni. Lakini mambo yake yalikuwa peupe. Kila kiungo alichogundisha alikiandika jina lake kwa penseli, ndani, pasipoonekana.

"Kazi isiyo na jina ni ya mwizi," alikuwa akisema.

Asubuhi moja tarishi mstaafu alimletea gitaa kuukuu. Shingo ilikuwa imeachana na tumbo kiasi cha msumari kupenya.

"Gundisha tu, fundi. Ila usiandike jina lako humo."

"Mzee, mimi niliwahi kuja kukufundisha kugawa barua?"

"Hapana."

"Haya basi."

Mstaafu akachungulia picha ya pacha ukutani. "Mimi sikujaliwa mtoto," alinong'ona. "Ndiyo maana gitaa hili linakaa kwangu." Akaondoka.

Fundi alichemsha birika, akapitisha mvuke kwenye kiungo hadi gundi ya zamani ikalainika. Shingo ikachomoka. Ndani aliyakuta majina matatu, kila moja na mwandiko wake. Baba Mwali. Mama Kidosho. Baba Pili. Chini ya kila jina, katika gundi, jino la utotoni. Chini ya jina la kati, ambalo mtu alikuwa amelikwangua nusu, meno yalikuwa mawili.

"Ushenzi gani huu!"

Akayachokonoa kwa patasi. Hayakutoka. Basi akasafisha pembeni, akaandika chini ya wenzake, kwa herufi kubwa za mtu asiyetishwa: BABA PACHA. Akapaka gundi, akabana vibanio.

Mchana pacha walirudi kutoka shule, wakapanda juu ya meza ya kazi, wakasimama pekupeku kwenye vumbi la mbao kulitazama gitaa. Mdogo alikuwa akisukuma jino kwa ulimi.

"Baba, linacheza."

"Liache, litatoka lenyewe."

Kesho yake mkewe aliandaa kikombe kimoja cha mtoto.

"Mdogo yuko wapi?"

"Mdogo gani?"

"Mama Pacha, sitaki utani asubuhi hii."

Mkewe akamgusa paji la uso, kupima homa. "Pacha wa nani, mume wangu?"

Kitandani mto mmoja. Mlangoni jozi moja ya viatu. Nje, jirani akampungia mkono.

"Umeamkaje, Baba Binti?"

Alikimbia karakanani. Akachemsha maji. Mvuke ukamuunguza, hakujali. Shingo ikachomoka.

Jina lake lilikuwepo. Chini yake, jino. Mzizi wake ulikuwa bado na damu mbichi.

Akashika patasi.

"Usikwangue," sauti ilisema mlangoni. Mstaafu.

"Nirudishie mwanangu!"

"Mama Kidosho alikwangua." Mzee hakuingia ndani. "Alikuwa amebakiwa na mmoja."

Fundi alitazama yale meno mawili. Patasi ikamponyoka. Kutoka nyumbani alimsikia mkubwa akiimba wimbo wa kupokezana, anaimba, ananyamaza, anasubiri, anaimba tena.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, fundi. Na hao waliokutangulia nao niliwaambia."

Hakuwa na la kufanya. Alipaka gundi juu ya jina lake, juu ya jino, akarudisha shingo mahali pake kwa mikono yake mwenyewe. Akabana. Kiungo kikakaa sawasawa, hata wembe usingepenya. Hajawahi kugundisha vizuri kama siku ile.

Mzee alipolichukua gitaa, fundi aliinama kufagia. Mkono ukamfia hewani. Katika vumbi la meza kulikuwa na nyayo za jozi mbili za miguu midogo, zimesimama bega kwa bega. Za mmoja zilishuka kuelekea mlangoni.

Za mwingine zilifika pale lilipokuwa limelala gitaa, zikakoma.

Meza ile haijafagiwa mpaka leo. Na kila mchana, nyayo zile zilizokoma huwa zimeongezeka hatua moja kuelekea mlangoni.