Donda la Mama na Dawa ya Madoa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipiga magoti mbele ya mguu wa mama yake wenye donda. Alilowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu mpaka kikaachana na nyama.

"Taratibu, mwanangu. Huo si mguu wa meza."

Majirani walimwita Chiriku kwa kupenda kusema. Kuhusu donda hilo, alikatazwa hata kunong'ona. Mama alikuwa dobi. Miaka kumi na minne alifua mashuka ya hoteli, amesimama kwenye maji kutwa nzima, bila hata kigoda. Mwenzake mmoja alipolalamikia miguu, msimamizi alimfukuza siku ileile. Mwenzake huyo bado alikuwa na mtoto mgongoni.

Siku moja mama alitoa kichupa cha dawa ya madoa ya kazini.

"Inatoa damu, inatoa kutu. Itashindwa na usaha?"

"Mama, hiyo inatoboa mashuka!"

"Mimina."

Chiriku akamimina. Mama hakupiga kelele. Aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Nyama ikageuka nyeupe. Kisha akafunga mguu, akaenda kazini.

Darasani mwalimu alitania, "Mbona kimya, leo Chiriku kameza kokoto?"

Wenzake wakacheka. Yeye akaangua kilio, akasema yote.

Mwalimu alimchukua, wakaenda moja kwa moja kwa madobi. Mama alikuwa ameegemea karo la kufulia, anatetemeka. Mwalimu akaomba ruhusa ampeleke zahanati.

"Akitoka, asirudi," msimamizi alisema.

Mama akamtazama binti yake kwa hasira. "Umeniponza!"

Hapo dobi mzee akatupa shuka chini. "Basi lifue mwenyewe, bwana mkubwa." Mashuka mengine yakafuata, pwaa, pwaa, mpaka hakuna aliyekuwa akifua. Msimamizi akayatazama mashuka, akatazama saa.

"Haya, mpelekeni. Atarudi akipona."

Kwenye zahanati, muuguzi aliliosha donda kwa maji safi, akafunga bendeji kutoka vidoleni hadi gotini. "Mngechelewa wiki moja, tungezungumza habari za msumeno."

Ilichukua miezi mitano. Donda lilifunga, maumivu hayakwisha yote. Siku ya mwisho muuguzi alimwambia Chiriku, mama yake akisikia:

"Kuficha donda si uvumilivu, binti. Ulisema, ukauokoa mguu. Na mtu anayewatisha wagonjwa mpaka wafiche maumivu yao, usimwite mkali. Huyo ni dhalimu. Mwambie hivyo, ila usiende peke yako."