Bibi Mavis Asiyehitaji Msaada

Kila siku ya shule Keeley Ormerod aliamka kabla ya saa kumi na mbili, akabandika maji jikoni, kisha akapanda ngazi kwenda kumtoa bibi yake kitandani. Kazi ya kwanza ilikuwa soksi. Vidole vya Bibi Mavis vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi hata asiweze kufunga kifungo, na magoti yake yalikuwa mabovu zaidi ya vidole. Keeley alimwosha, akamvalisha, akamshika kiuno wakashuka ngazi moja moja. Akampikia uji wa shayiri, akampa vidonge vyake, akamwachia mkate na chupa ya chai karibu na kiti. Ndipo mbio shuleni, ambako mara nyingi alikuta wenzake wameshaingia darasani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yake alifariki yeye akiwa mdogo, na katika nyumba ile ya mawe, mtaa wa mteremko mjini Burnley, walikuwa wawili tu. Walimu walipomwuliza sababu ya kuchelewa, alisema usingizi ulimzidi.

Daktari wa Bibi Mavis ndiye aliyeona mambo hayaendi. Akaiarifu halmashauri ya mji, maana sheria ya nchi yao inasema mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada lazima afanyiwe tathmini: aulizwe anaweza nini, hawezi nini, na anataka aishi vipi. Barua ikaja. Afisa wa ustawi wa jamii angefika Jumanne, saa kumi jioni.

Mwingine angeshukuru. Bibi Mavis aliiona barua ile kama hati ya kumkamata. Rafiki yake Enid, aliyefanya naye kazi kiwandani, alitembelewa na maafisa, akapelekwa nyumba ya wazee, na Krismasi haikumkuta hai.

"Wakijua hali yangu, mimi watanipeleka kwa Enid na wewe watakupeleka kwa watu baki," alimwambia Keeley. "Ndivyo unavyotaka?"

Keeley hakutaka. Tena, tuseme kweli, wazee wa mji ule ndivyo walivyo. Kwao kulalamika ni aibu kubwa. Mwulize mzee aliyevunjika mguu habari yake, atakwambia ni nzuri, kisha akuulize yako.

Basi siku ya Jumanne ungedhani anakuja askofu. Keeley alisugua sakafu, akaficha ndoo ya haja iliyokaa kando ya kitanda cha bibi, akaficha na fimbo ya kutembelea. Alimsuka bibi nywele, akampaka poda kidogo. Akateremsha vikombe vya maua, vile visivyoguswa ila siku za msiba, akapika chai na kuiweka mezani tayari.

Bi Halliwell, yule afisa, alikuwa mwanamke mpole mwenye koti lililolowa mvua. Aliuliza juu ya kuoga, kuvaa, kupika, kutoka nje. Bibi Mavis, amekaa wima kitini bila kutikisika, alijibu kila swali kwa tabasamu. Tunajimudu, asante. Wapo wenye shida kuliko mimi, hao ndio uwaendee.

"Na chai hii nzuri kapika nani?" aliuliza Bi Halliwell.

"Mimi," alisema Bibi Mavis, wala jicho halikupepesa.

Bi Halliwell akamgeukia Keeley. "Ni Bibi," alisema. "Bibi hufanya kila kitu. Mimi natandika kitanda changu tu."

Afisa akaandika alichoambiwa. Wiki tatu baadaye ikaja barua nyingine: Bibi Mavis hana mahitaji ya kuhudumiwa na halmashauri, lakini hali ikibadilika asisite kuwaarifu. Jioni ile walikula samaki na viazi vya kukaanga kutoka dukani, bibi akacheka mpaka akakohoa. "Tumewaweza," alisema.

Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na kama si kifo ni mdogo wake. Asubuhi moja ya Novemba, Keeley akiwa ameshaondoka, Bibi Mavis alijaribu kwenda jikoni peke yake. Goti likamsaliti. Alianguka juu ya vigae vya baridi na hakuweza kuinuka wala kupaza sauti ya kuwafikia majirani. Keeley alimkuta saa kumi jioni. Midomo ilikuwa ya buluu, gauni limelowa mkojo, na neno la kwanza alilolisema bibi lilikuwa kumwomba Keeley radhi kwa kuchafua sakafu.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Daktari wa hospitali alisema angewahiwa mapema huenda angetembea tena. Saa zote zile sakafuni, na homa ya mapafu iliyofuata, zilimmaliza nguvu. Keeley aliyasikia hayo akiwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyekumbuka kumwambia akae.

Kabla mgonjwa hajaruhusiwa, Bi Halliwell alifika wodini kufanya tathmini upya. Bibi Mavis akajikakamua kwenye mto. Alianza wimbo wake uleule, kwamba akifika nyumbani atajimudu tu.

"Si kweli," alisema Keeley.

Bibi akamkata jicho. Keeley aliendelea. "Chai ile nilipika mimi. Namvalisha mimi, namwosha mimi, ndoo namwaga mimi. Ngazi anapanda akilia. Nilikudanganya kwa sababu sitaki mtuchukue."

Bibi Mavis aligeuza uso ukutani. Keeley alitamani ardhi ipasuke. Bi Halliwell aliiweka kalamu chini, akavuta kiti karibu na mtoto.

Alimweleza taratibu kwamba sheria haikutungwa kuwatenganisha. Mtu anayeweza kupanda ngazi akilia kwa maumivu, sheria humhesabu kuwa hawezi. Akitaka kuishi kwake, lazima matakwa yake yasikilizwe kabla ya kuamuliwa lolote. Na mtoto anayemtunza mkubwa ana haki ya kufanyiwa tathmini yake mwenyewe, asije akabeba mzigo usio wa umri wake. "Ila sheria haina macho, mwanangu," alisema. "Inaona kile inachoambiwa."

Siku nne Bibi Mavis hakusema na mjukuu wake neno. Keeley, aliyekuwa akilala kwa jirani, alikuja kila jioni, akakaa, akaondoka. Siku hizo zilimuuma kuliko zote.

Mipango ikafanyika. Kitanda kikawekwa sebuleni, vyuma vya kushikia vikapigiliwa ukutani, na wahudumu wakaanza kuja mara nne kwa siku kumwosha bibi, kumlisha na kumgeuza. Keeley akabaki kuwa mjukuu. Bibi Mavis alikuwa nyumbani kwake, lakini miguu haikusimama tena.

Jumapili ya kwanza, mhudumu alipotoka, bibi alimwita Keeley akae kitandani.

"Sikukukasirikia wewe. Nilijionea haya," alisema. "Nilikufundisha uongo nikauita heshima. Mtu anayekuja kukusaidia, heshima ni kumwambia ukweli. Ningesema siku ile, leo ningekuwa natembea. Miguu hii ndiyo adabu yangu, Keeley. Wewe usingoje adabu kama hii. Ukiumia, sema unaumia. Umesikia?"

Keeley alisema amesikia. Bibi akamwuliza, basi, anajionaje. Kwa mazoea alikuwa karibu kujibu kwamba hajambo. Badala yake akasema amechoka, amechoka siku nyingi, na kwamba kila akifungua mlango anaogopa atamkuta chini. Bibi Mavis alimvuta kwa vile vidole vyake vilivyopinda, wakalia pamoja.