Mate Yasiyokauka

Filimbi ilikuwa imelowa tena. Kule Tamale, kaskazini mwa Ghana, upepo wa Harmatani ukishaingia, hata midomo ya watu hupasuka kwa ukavu, lakini ile filimbi ya bati ililala ndani ya droo usiku kucha na asubuhi ikawa inateleza kwa mate. Mate mazito, ya uvuguvugu, yananuka jino bovu. Mwalimu Azara aliifuta kwa upindo wa gauni, akafumba macho, akaitia mdomoni.

Angefanyaje, maskini? Darasa limejaa watoto mpaka madirishani, vumbi, chaki, na yeye anasema neno, wao wanalirudia kwa pamoja, kutwa nzima. Koo likamwaka moto. Mwalimu mkuu alishamwambia waziwazi, "Mwalimu asiye na sauti nimfanyie nini, Azara? Ikikatika, nafasi yako nampa mwingine." Basi alipoikuta filimbi kwenye droo ya marehemu mwalimu Issahaku, aliiona bahati. Akipuliza mara moja wakae, mara mbili wasimame. Mengine alinong'ona, akidhani analipumzisha koo.

Halafu akaanza kukohoa uchafu. Kwanza makohozi meupe, mazito kama chaki iliyolowa. Baadaye yakaja na nywele.

Alasiri moja, watoto wameshaondoka, alirudi kuchukua mkoba, akasikia sauti yake mwenyewe ikifundisha darasani, safi, yenye kicheko, na alipochungulia dirishani hakuona mtu, aliona filimbi tu juu ya meza, inatoka povu, ute unaning'inia mpaka sakafuni, na katikati ya povu kitu chekundu kinafumbuka na kufumba, kinafumbuka na kufumba, kama kinywa cha mtu anayetafuna bila meno.

Alikimbilia kwa Afa Iddi, mtu wa kisomo.

"Uliitia mdomoni?" Afa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Afa."

"Mate ya maiti hayo, mwanangu. Na ukawa unanong'ona?"

"Nilikuwa napumzisha koo."

"Ulikuwa unamlisha marehemu. Sauti kamili inamshinda. Mnong'ono anaulamba."

Akaandika aya ubaoni, akauosha wino, akampa kombe anywe. Azara alitapika donge jeupe, kubwa kama panya, lenye nywele, likawa linatetemeka ndani ya beseni. Mke wa Afa alitoka mbio ameziba pua.

"Filimbi kaitupe chooni," Afa alisema. "Na mpaka jua la kesho lizame, usitoe hata neno moja. Ukitoa, sauti yako huipati tena."

Azara akaitupa kwenye choo cha shule, akaisikia inazama.

Kesho yake alifundisha kwa chaki na mikono. Saa ya mapumziko ilipoisha, mwalimu Abukari wa darasa la pili aliingia akicheka. Ndiye aliyemshikia darasa kila alipougua.

"Sista Azara, leo umekuwa bubu? Mume wako atafurahi." Akanyanyua mkono ulioshika filimbi. "Nimeikuta mezani kwako. Inanuka choo kidogo, ila nimeifuta na shati. Niazime, na mimi koo limeniisha."

Azara alipiga makofi, akatikisa kichwa, akairukia. Abukari akaiinua juu, akiona ni utani. Tone la ute lilimdondokea mdomoni. Akalilamba.

Nje jua lilikuwa bado kali. Azara alijua bei ya neno moja. Lakini aliona filimbi inaingia mdomoni mwa mtu yule, na roho ikakataa.

"Iteme!"

Sauti ilitoka, nzuri, kamili, ile yake ya zamani. Ilitoka kwa Abukari, naye midomo ameibana kwenye filimbi.

Watoto, walivyozoeshwa, wakaitikia kwa pamoja, "Iteme!"

Azara alifungua kinywa tena. Yalitoka mate tu.